Kutafuta kipande cha mabehewa bila kujali mpangilio: kuna njia ya haraka kuliko kupita treni nzima?

#1 KaraniWaIpuli (Tabora)

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi kwenye ghala moja la watu binafsi hapa Tabora. Treni ya mizigo ikikaribia, tunaletewa orodha ya mabehewa kama yalivyofuatana, kuanzia kichwa mpaka mkia. Naiandika kwa herufi: F ni behewa lililofunikwa, T ni tangi la mafuta, W ni behewa la wazi. Mfano wa treni fupi ya aina mbili tu:

FFTFTTFFFTTF

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: je, kuna mahali mabehewa yaliyoungana yana F tatu na T mbili, kwa mpangilio wowote ule? Yakiwepo, mnakata mbele na nyuma, mnavuta kipande kizima. Yasipokuwepo, hapo ndipo kazi ya kuchambua behewa mojamoja inaanza, na hiyo inakula mchana wote.

Programu niliyoandika inachukua kila kipande, inapanga herufi zake kwa alfabeti, kisha inalinganisha na FFFTT. Kwa treni moja inajibu vizuri. Sasa nimeunganisha orodha za zamani zote ziwe mfuatano mmoja mrefu, nataka kujua ni maombi gani hupatikana na yapi hayapatikani kabisa. Kompyuta inakaa kimya mpaka nakwenda kula narudi.

Je, kuna namna ya kuandaa kitu mara moja tu, halafu kila ombi likija linajibiwa papo hapo?

#2 Gungu_Boy (Kigoma)

Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 MtotoWaKatubuka (Kigoma)

Karani, kwanza achana na kupanga kwa alfabeti, hapo ndipo muda unapopotelea. Kipande kinachofuata kinatofautiana na kilichopita kwa behewa mawili tu: moja limeingia kulia, jingine limetoka kushoto. Hayo mengine yote ni yaleyale, huna haja ya kuyagusa.

Kwa hiyo weka hesabu pembeni, F ngapi na T ngapi. Linaloingia ongeza, linalotoka punguza, linganisha na ombi. Kwa treni yako, mabehewa matano ya mwanzo ni FFTFT, yaani F3 T2. Umeshapata. Ukisogea hatua moja, F ya kwanza imetoka na T ya sita imeingia: F2 T3.

Hili ni dirisha linalosogea. Treni ya mabehewa 40 unaimaliza kwa hatua zisizozidi 40, hata ombi liwe na ukubwa gani. Sioni haja ya kitu kingine zaidi ya hapo.

#4 BrainKasulu

Naongezea mbinu. Kila herufi ipe namba, F=1, T=2, W=3. Kokotoa jumla ya ombi, halafu tafuta kipande cha urefu uleule chenye jumla hiyo. Unabeba namba moja badala ya hesabu tatu.

#5 Zuhura_Mwanga (Kigoma)

@BrainKasulu hapana. TT inatoa 4, na FW nayo inatoa 4. Karani ataambiwa kipande kipo, atume watu wakakate, wafike wakute matangi mawili wakati alihitaji behewa la kufunikwa na la wazi.

#6 Cheyo_Dev (Tabora)

Basi tumia namba tasa na uzidishe badala ya kujumlisha. F=2, T=3, W=5. FFFTT ni 2×2×2×3×3 = 72. Hakuna mchanganyiko mwingine wa herufi hizo unaotoa 72, kwa sababu kila namba inagawanyika kwa namba tasa kwa namna moja tu. Herufi inayoingia zidisha, inayotoka gawanya. Hii nimeiona kwenye usaili wa kazi, inafanya kazi.

#7 MtotoWaKatubuka

@Cheyo_Dev kwa vipande vifupi, sawa. Lakini jaribu treni yenye W nyingi mfululizo. 5 ikizidishwa mara 27 bado inaenea kwenye biti 64 (nafasi ya kawaida ya namba kwenye kompyuta), ya 28 inamwagika, na baada ya hapo namba unayoiona si yenyewe tena.

Wazo la jumla la BrainKasulu lenyewe linatengenezeka. Kama kipande hakizidi mabehewa 40, hakuna herufi itakayozidi 40. Tumia kizio cha 41: F=1, T=41, W=1,681. Sasa jumla haiwezi kugongana, na kubwa kuliko zote ni 40 × 1,681 = 67,240. Namba ndogo, kujumlisha na kutoa tu, hakuna kugawanya.

#8 MzeeWaReli (Tabora)

Vijana, nimestaafu lakini hili nimelifanya kwa mikono kabla ya kompyuta zenu. Mnachosahau ni mahali. Kipande kilicho katikati ya treni kinadai kukata sehemu mbili, na kila mnapokata mnaachanisha mabomba ya breki, mkiunga tena mnapima upya. Kipande kilichoko mkiani kinakatwa mara moja tu. Sisi tulikuwa tunaanza kuhesabu kutoka mkia, siku zote.

Kwa hiyo programu ikiniambia "kipo" haijanisaidia. Iniambie kipo wapi, na kama kuna viwili, kipi kiko karibu na mkia.

#9 Cheyo_Dev

Shikamoo mzee. Hapo ndipo watu wajue Tabora ndiyo roho ya reli. Njia tatu zinagawanyika hapa: Kigoma, Mwanza na Mpanda. Kigoma mlipata reli 1912 kwa hisani yetu.

#10 Gungu_Boy

Mnyamwezi anapenda sifa! Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma ikafika 1914. Na ya Mpanda inachepukia Kaliua, si Tabora mjini. Ninyi ni njia, sisi ndio mwisho wa reli. Aliyepewa ziwa ni nani?

#11 Cheyo_Dev

Ziwa chukueni, asali tunabaki nayo. Kaliua nayo ni mkoa wa Tabora, kwa hiyo sijatoka nje ya mada.

#12 Zuhura_Mwanga

Turudi kwenye swali la Karani, maana hakuna aliyelijibu bado. Dirisha la MtotoWaKatubuka linajibu ombi MOJA kwa mpito mmoja. Yeye ana maombi mengi juu ya mfuatano uleule. Maombi elfu kumi maana yake mipito elfu kumi. Anachotaka ni faharasa, yaani jedwali linaloandaliwa mara moja kisha kila ombi linajibiwa kwa kulitazama.

Kwa herufi mbili tu kuna jambo zuri sana, na mimi nikilifundisha huwa naomba watu walione kwa macho kabla sijalieleza. Chukua treni yake ya mfano, FFTFTTFFFTTF. Hesabu T katika kila kipande cha urefu wa 4, kuanzia kushoto:

1, 2, 3, 2, 2, 1, 1, 2, 2

Angalieni hatua zake. Haziruki kamwe. Kutoka namba moja kwenda nyingine ni kupanda moja, kushuka moja, au kubaki palepale, kwa sababu ni behewa moja tu limeingia na moja tu limetoka. Kama ndogo kuliko zote ni 1 na kubwa kuliko zote ni 3, basi 2 lazima iwepo. Huwezi kutoka 1 ufike 3 bila kupita 2.

Kwa hiyo kwa kila urefu huna haja ya kutunza vipande vyote. Tunza namba mbili: T chache kuliko zote na T nyingi kuliko zote. Kwa urefu wa 5 mlolongo ni 2, 3, 3, 2, 2, 2, 2, 2. Ndogo 2, kubwa 3. Mtu akija na ombi la F4 T1, unatazama mstari wa urefu wa 5, unaona 1 iko chini ya 2, unamjibu hakuna, bila kugusa treni. Akija na F3 T2, unamwambia ipo.

Mfuatano wa herufi milioni moja unatunziwa jedwali la mistari milioni moja, kila mstari una namba mbili. Kila ombi linajibiwa kwa kutazama mstari mmoja. Hili liliandikwa na Cicalese, Fici na Lipták mwaka 2009.

#13 BrainKasulu

Zuhura hapo umenifungua macho. Ila jibu lako ni ndiyo au hapana. Mzee katuambia anataka mahali.

#14 Zuhura_Mwanga

Mahali unapapata pia. Pamoja na ile namba ndogo tunza kipande kilipoanzia, na kubwa vilevile. Kwa urefu wa 4: ndogo (1) inaanzia behewa la 1, kubwa (3) inaanzia behewa la 3. Unatafuta 2? Iko kati yao. Tazama katikati, behewa la 2: FTFT, T mbili. Umeipata.

Kwenye mfuatano mrefu unakata nusu kwa nusu. Ukitazama katikati ukakuta T zimezidi, unabaki na upande ulio na ile ndogo. Zikipungua, upande ulio na ile kubwa. Kila upande unaobaki bado una ncha moja iliyo chini na ncha moja iliyo juu, kwa hiyo jibu haliwezi kukuponyoka. Urefu wa milioni moja unamalizika kwa hatua kama 20, ilimradi umetunza hesabu ya T tangu mwanzo mpaka kila behewa.

Kipande kilicho karibu zaidi na mkia, hapo sikuahidi kitu, mzee wangu. Njia hii inakupa kipande kimoja, haikupi unachokichagua.

#15 MzeeWaReli

Basi bado.

#16 KaraniWaIpuli

Ahsante sana Zuhura. Hii ya kutoruka nimeijaribu kwa kalamu kwenye treni ya leo na imekubali. Lakini treni zangu nyingi zina W pia. Naweza kutunza ndogo na kubwa kwa F, kwa T na kwa W, kisha ombi likiwa ndani ya mipaka yote mitatu niseme lipo?

#17 MtotoWaKatubuka

Huwezi. Tazama treni hii ya mabehewa sita:

FFTTWW

Vipande vya urefu wa 3 ni vinne tu: FFT, FTT, TTW, TWW. F inacheza kati ya 0 na 2. T kati ya 1 na 2. W kati ya 0 na 2. Ombi lako ni moja moja moja: F1 T1 W1. Liko ndani ya mipaka yote, na jumla ni 3 kama inavyotakiwa. Sasa nionyeshe kipande hicho kilipo. Hakipo.

Kwa herufi mbili, T ikijulikana F inajulikana, kwa hiyo unatembea kwenye mstari mmoja na huwezi kuruka nukta. Kwa herufi tatu unatembea kwenye uwanja, na kwenye uwanja unaweza kuizunguka nukta bila kuikanyaga.

#18 Cheyo_Dev

Mimi nadhani tatizo la herufi tatu ni kwamba hatujapata ujanja. Herufi mbili zilikuwa na ujanja wake, na tatu zitapata wake. Ni suala la muda.

#19 Zuhura_Mwanga

@Cheyo_Dev natamani iwe hivyo, ila 2014 Amir, Chan na akina Lewenstein wawili walionyesha kwamba kwa herufi tatu na kuendelea, faharasa yenye kasi kubwa kwenye kujenga na kwenye kujibu kwa pamoja ingevunja toleo lenye nguvu zaidi la dhana ya 3SUM.

Kwa wasioijua 3SUM: umepewa rundo la namba, sema kama kuna tatu ambazo jumla yake ni sifuri. Watu wamehangaika nayo miaka mingi, na hakuna aliyeshuka chini ya n mraba kwa kiasi cha maana.

#20 BrainKasulu

Kwa hiyo imethibitishwa haiwezekani. Uzi ufungwe.

#21 MtotoWaKatubuka

Haijathibitishwa. Soma tena neno "dhana". Wamesema hivi: kama 3SUM ni ngumu kama tunavyoamini, basi na hili ni gumu. Kesho mtu akiivunja 3SUM, mlango huo unafunguka. Na hata dhana ikibaki, haikatazi kila kitu. Kociumaka, Radoszewski na Rytter walishaonyesha 2013 kwamba kwa idadi ndogo ya herufi isiyobadilika unaweza kutumia nafasi iliyo chini ya n mraba na bado ukajibu maombi madogo haraka. Unauza nafasi unanunua muda.

#22 Cheyo_Dev

Ndicho nilichosema, ni suala la muda.

#23 Gungu_Boy

Hapa mmoja anasema mlango umefungwa, mwingine anasema umerudishiwa tu. Swali la mtu mdogo: hiyo faharasa ya herufi mbili, kuijenga kunachukua muda gani? Maana kutunza ndogo na kubwa kwa kila urefu, si lazima uwe umepita urefu wote?

#24 Zuhura_Mwanga

Swali zuri kuliko yote humu, na ndilo lililowashughulisha watu zaidi ya miaka kumi.

Njia ya kawaida: kwa kila urefu pitisha dirisha. Urefu n, mipito n, jumla n mraba. Kwa herufi milioni moja hiyo ni hatua trilioni moja. Mwaka 2010 Burcsi na wenzake walilipeleka tatizo hili kwenye konvolusheni ya min na kujumlisha (unajumlisha jozi za namba za orodha mbili na kubakiza ndogo kuliko zote), wakapunguza kidogo, n mraba kugawanya kwa logi ya n. Moosa na Rahman nao walifika hapo mwaka huohuo kwa njia yao. Lakini kipeo cha 2 kilikuwa palepale.

Mwaka 2015 Chan na Lewenstein ndio waliokivunja: n kwa kipeo cha 1.859. Walitumia hisabati ya ujumlishaji wa seti ambayo mimi mwenyewe naisoma polepole na kikombe cha chai. Kisha 2022 Chi, Duan, Xie na Zhang wakashuka mpaka karibu na kipeo cha 1.5. Kwa herufi milioni moja hapo umetoka trilioni moja ukafika kwenye bilioni, ukiacha vigawo vya logi.

Kilichowasaidia ni kilekile cha kutoruka. Orodha ya "T nyingi kuliko zote kwa urefu 1, 2, 3..." haishuki kamwe, na kila hatua inapanda 0 au 1. Namba zilizotulia namna hiyo zina udhaifu wa kuushika.

#25 KanyenyeMjini (Tabora)

Nimesoma uzi wote. Nauliza kwa heshima: kuna mtu amewahi kuiendesha hiyo ya 1.5 kwenye kompyuta ya kawaida ikaishinda ile ya n mraba? Njia nyingi za kwenye makala zinashinda karatasini tu.

Na mmesahau kitu kinachoonekana kwa macho pale stesheni. Treni halisi haichanganyi F na T kama kuku wa kienyeji. Matangi yanakuja kumi na mbili mfululizo, kisha yaliyofunikwa ishirini, kisha matangi tena. Iandike T12 F20 T8 badala ya herufi 40. Badkobeh, Fici, Kroon na Lipták 2013 waliandika juu ya hili: faharasa ya herufi mbili inajengwa kwa kazi inayofuata mraba wa idadi ya mafungu (mfululizo wa herufi moja ni fungu moja), ukiongeza n na logi ndogo. Treni ya mabehewa 40 yenye mafungu matatu, kazi inakuwa ndogo sana. Sababu ni kwamba ndogo na kubwa hutokea pale dirisha linapogusa mpaka wa fungu. Katikati ya fungu hakuna jipya.

#26 MzeeWaReli

Huyu wa Kanyenye amewahi kusimama stesheni.

#27 MtotoWaKatubuka

@KanyenyeMjini nakubali kwa treni. Sikubali kwa orodha za miaka aliyoziunganisha Karani, maana treni za mchanganyiko zinakata mafungu vipandevipande. Ikiwa mafungu yanakaribia idadi ya mabehewa yenyewe, umerudi kwenye n mraba na logi juu yake.

#28 DadaWaMaabara (Kigoma)

Nimeletwa na kaka yangu aliyeko humu. Kwetu tatizo hili lina sura nyingine kabisa. Mashine ya kupima uzito wa molekuli inakupa uzito wa kipande cha DNA. Kutokana na uzito unakisia A ngapi, C ngapi, G ngapi, T ngapi. Mpangilio haukupi. Kisha unauliza: kwenye mfuatano ninaoujua, ni wapi kuna kipande chenye hesabu hii? Ni swali la Karani lilelile, herufi zimekuwa nne.

Kuna na la jeni. Ukilinganisha viumbe viwili, unakuta jeni fulani zinakaa jirani kwa wote wawili ila zimebadilishana nafasi. Eres, Landau na Parida waliandika 2004 juu ya kutafuta makundi ya namna hiyo. Jeni zinazokaa pamoja vizazi na vizazi huku mpangilio ukibadilika, kuna uwezekano zinafanya kazi pamoja.

Kwa hiyo wanaosema faharasa ni mbwembwe, kwa treni labda. Kwenye jenomu ya mabilioni ya herufi, dirisha kwa kila ombi utazeeka nalo.

#29 BrainKasulu

Dada karibu. Jibu hilo nimelipenda. Na hizo hesabu za herufi zina jina?

#30 DadaWaMaabara

Vekta ya Parikh. Rohit Parikh, makala yake ya 1966 juu ya lugha zisizotegemea muktadha.

#31 Gungu_Boy

Mimi nimejaribu kwenye maneno. Nikitafuta herufi za "mali" ndani ya "kilimani" vipande ni kili, ilim, lima, iman, mani. "Lima" inakubali. Mali imo kwenye kilimani, ila lazima ulime kwanza.

#32 Zuhura_Mwanga

😂 Hiyo nitaipeleka darasani.

Na ina matumizi. Orodha ya majina ya vijiji ikiwa na makosa ya uchapaji, "Nyarugusu" ikaandikwa "Nyaruguus", hesabu ya herufi ni ileile kabisa. Ikiandikwa "Nyaragusu", imepotea u moja ikaongezeka a moja. Unatumia dirisha la hesabu kuchuja, sehemu zinazokaribiana tu ndizo unazozilinganisha kwa makini. Grossi na Luccio walitumia hesabu namna hii 1989. Haikosi sehemu ya kweli, inaleta tu na za uongo chache ambazo unazifuta baadaye.

#33 KanyenyeMjini

Nje kidogo ya mada. Je, treni inaweza kupangwa ili pasiwe na vipande viwili vinavyopakana vyenye hesabu ileile? Nauliza kwa sababu vipande pacha hivyo ndivyo vinavyowachanganya makarani, wanakata cha kwanza wakidhani ni cha pili.

#34 MtotoWaKatubuka

Hilo mwanahisabati Erdős aliliuliza 1961, bila treni. Kwa aina tatu, jaribu FTFWFTF. Mabehewa saba, hakuna pacha popote. Sasa ongeza la nane. Ukiweka F, unapata FF. Ukiweka T, mkia unakuwa FT FT. Ukiweka W, treni nzima inakuwa FTFW FTFW. Umekwama. Na si hii tu: mfuatano wowote wa herufi tatu wenye urefu wa 8 una pacha ndani yake.

Kwa herufi nne inawezekana bila kikomo. Evdokimov 1968 alihitaji herufi 25, Pleasants 1970 akashuka mpaka 5, Keränen akamaliza na 4 mwaka 1992.

#35 MzeeWaReli

Leteni aina ya nne ya behewa basi.

#36 Cheyo_Dev

Sasa nirudi kwa Karani kwa vitendo. Treni moja ya mabehewa 40 ina vipande 40 × 41 ÷ 2 = 820, si zaidi. Chukua kila kipande, kokotoa ile namba ya kizio cha 41, itie kwenye jedwali la hashi (ukiwa na namba, unaifikia moja kwa moja bila kupekua) pamoja na mahali kilipo. Kipande kikija chenye namba iliyokwishaandikwa, bakiza kilicho karibu na mkia. Aina tatu, nne, tano, haijalishi, unaongeza kizio tu. Swali la mzee limejibiwa, na 3SUM haituhusu, kwa sababu mabehewa 40 hayajui n mraba ni nini.

Orodha za zamani nazo ni treni nyingi fupi. Kipande hakiwezi kuanzia treni moja kikaishia nyingine. Kwa nini uziunganishe? Jedwali moja kwa kila treni.

#37 Zuhura_Mwanga

Kwa treni nakubali. Kuunganisha bila alama ya kutenganisha kungekuletea vipande vya uongo, Karani, hilo litazame leo hii. Lakini jedwali moja kwa kila treni maana yake ombi moja linapitia majedwali yote. Tumia jedwali moja kubwa la pamoja, na mbele ya kila hesabu andika treni zilizonayo.

#38 KaraniWaIpuli

Alama ya kutenganisha ipo, niliweka nyota. Nimeandika ya Cheyo_Dev kwa treni ya jana, imejibu kabla sijaondoa kidole. Ya jedwali la pamoja naanza usiku huu.

Swali moja zaidi. Mara nyingi mteja haombi hesabu kamili. Anasema "F angalau tatu, T zisizidi mbili, W hapana". Hapo ile ya ndogo na kubwa inasaidia?

#39 MtotoWaKatubuka

Kwa herufi mbili inasaidia moja kwa moja, unaangalia kama mipaka inakutana. Kwa tatu rudi kwenye dirisha lenye ncha mbili: panua kulia mpaka kitu kizidi, kisha vuta kushoto mpaka kikae sawa. Mpito mmoja, na unaweza kuanzia mkia.

#40 Cheyo_Dev

Vipande ni 820. Pitia vyote.

#41 DadaWaMaabara

Cheyo_Dev na 820 zako, kwetu kipande kimoja tu kinazidi hapo. Ile njia ya ncha mbili, iandikeni hapa hatua kwa hatua na mimi niichukue.